Jirani Asiyetaka Kutajwa Jina

Walimchukua Fundi saa nne asubuhi, tupa ikiwa mkononi, akichonga ufunguo wa kabati la mteja. Mteja mwenyewe alikuwa amesimama pale pale dirishani pa kibanda, na badala ya kuuliza kulikoni, aliuliza nani sasa angemmalizia ufunguo wake. Askari walikuwa wawili, wapole kupita kiasi, upole ule unaotisha kuliko makofi. Wakamwambia afunge kibanda, akafunga. Wakamwambia abebe sanduku lake la vifaa, akalibeba. Mtaa mzima ulisimama milangoni kumtazama mtu aliyewawekea vitasa kwenye milango hiyo hiyo akipita katikati ya askari, na hakuna hata mmoja aliyemsalimu.

Ukiondoa aibu, lilikuwa jambo la kutarajiwa. Watu watatu walikuwa wameuawa ndani ya wiki tano, wote wazee, wote wakiishi peke yao, wote mchana wa jua kali: mwalimu mstaafu wa kike, fundi saa, na mjane aliyekuwa akiuza mkaa. Kila mmoja alikutwa ameketi kitini, amenyongwa, na mbele yake kiti cha pili kimesogezwa karibu, kwa namna ya mtu aliyekuwa na mgeni. Milango ilikuwa imefungwa na ufunguo uko ndani, mezani. Hakuna kilichoibwa, hata senti. Watu wakaanza kunong'ona kwamba aliyeingia hakuwa mtu.

Polisi hawana fomu ya kumkamata asiye mtu, kwa hiyo walijiuliza swali jepesi zaidi: nani anaweza kufunga mlango bila ufunguo wake? Vitasa vyote vitatu viliwekwa na Fundi. Na ndani ya sanduku lake mlikuwa na pete nzima ya funguo malaya, zile zinazoingia kila kitasa, ambazo mama yake alikuwa amempiga marufuku kuzitaja kwa jina hilo sebuleni.

Mkewe alipata habari akiwa ofisini kwenye gazeti. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika habari za vifo hivyo, tangu cha kwanza. Wenzake walimtazama, kisha wakatazama meza zao. Mmoja tu ndiye aliyethubutu kumwuliza kama angeiandika na hii.

*

Kituoni walimkalisha mkewe kwenye benchi tangu saa sita hadi saa tisa. Chakula alichomletea mumewe ilimbidi akionje mbele ya kaunta, kijiko kimoja kimoja, huku askari wa kike akimwangalia kinywani kuhakikisha kwamba amemeza. Sabuni ilikatwa vipande vitatu kutafuta kitu kisichokuwemo. Aliombwa kitambulisho mara mbili na askari yule yule. Akajikaza kisabuni, akajibu "ndiyo afande" na "hapana afande" mpaka ulimi ukamchoka.

Inspekta alipomwita, alimkuta amekata habari yake ya kwanza, ile ya kifo cha mwalimu, kutoka gazetini na kuibandika kwenye jalada kwa gundi.

"Hii ni kazi yako?"

"Ndiyo, afande."

Inspekta akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesomea watoto. "'Jirani mmoja, mzee mstaafu wa reli ambaye hakutaka jina lake litajwe, alisema kwamba kwa kuwa mgongo humsumbua, hushinda dirishani. Alimsikia marehemu akizungumza na sauti ya mumewe aliyefariki zamani, kisha marehemu akaenda mwenyewe kumfungulia mlango.'" Akaweka kidole kwenye neno moja. "Mwenyewe. Hapa ndipo mumeo anaponea. Ikiwa marehemu alifungua mwenyewe, na huyu mzee akaniambia aliyeingia hakuwa mumeo, mimi sina sababu ya kumweka humu ndani."

Yule mama akalitazama neno lile chini ya kidole.

"Nina siku tatu kabla ya kumfikisha mahakamani," Inspekta akaendelea. "Mambo ya sauti za wafu mimi siyajui. Mimi nataka shahidi. Niletee huyo jirani."

"Nimekusikia, afande," akasema, na akatoka nje akijua kwamba hapakuwa na jirani.

*

Hapakuwa naye kabisa. Alimtunga mwenyewe, alasiri ile ya kifo cha mwalimu, kwa sababu Mhariri alikuwa na sheria yake moja: habari isiyo na sauti ya mtu ni tangazo, na tangazo hulipiwa, halilipwi. Mtaani siku ile hakuna aliyekubali kufungua mdomo. Daftari lilikuwa tupu. Ada ya binti yao katika shule ya bweni ilikuwa inasubiri. Akaketi, akatengeneza mzee, akampa reli ili awe na heshima, akampa mgongo unaouma ili awe na sababu ya kushinda dirishani. Alijiambia ameongeza chumvi kidogo tu, na waandishi wote huongeza.

Kulikuwa na sentensi nyingine aliyoiandika daftarini siku ile. Alipochungulia jikoni kwa mwalimu aliona sufuria ya chakula kisichoiva juu ya jiko lililozimwa, na akamtilia marehemu maneno mdomoni: "Ngoja nizime jiko." Alipoisoma tena alijionea haya. Hiyo ilikuwa chumvi ya kuua. Hakuichapa. Aliichana ile karatasi na kuitumbukiza chooni, akavuta maji, na hapana jicho lingine lililoiona.

Habari ilipotoka watu waliigombania. Yule fundi saa alipouawa, majirani, majirani wa kweli wenye majina na sura, walisema walimsikia akimjibu kaka yake aliyezikwa miaka mingi. Wa mjane walisema hivyo hivyo kuhusu mwanawe. Mwandishi aliyanukuu yote kwa dhamiri safi, lakini kila alipokuwa akiandika alijiuliza kama watu hawa walikuwa wanamwambia walichosikia au walichosoma. Swali hilo lilimnyima raha, naye akalifanyia lile ambalo sote hulifanyia swali la namna hiyo. Aliliahirisha.

Mhariri alipoambiwa ukweli alifunga mlango wa ofisi na kuzungumza kwa sauti ya chini, ya upendo karibu. Akamkumbusha kwamba gazeti likijulikana kutunga mashahidi litakufa, na mwandishi aliyetunga hataandika popote tena, hata barua za maombi ya kazi. Kisha akasema wazee wastaafu ni wengi mjini na wengi wao hawana kazi ya kufanya. Hakuendelea zaidi ya hapo. Mwandishi alimwelewa vizuri na akatoka bila kuaga.

Siku mbili alizunguka mtaa wa mwalimu kiguu na njia, akitafuta mtu yeyote wa kweli aliyeona kitu chochote cha kweli. Mapazia yalivutwa. Mwanamke mmoja alimwita mke wa muuaji mbele ya watoto wake, halafu akamwuliza kama Fundi akiachiwa atakuja kumrekebishia kitasa. Nyumba iliyotazamana na ya mwalimu, ile ambayo kichwani mwake alikuwa amemweka yule mzee, haikuwa na paa. Majani yalikuwa yameota sebuleni hadi kwenye vizingiti vya madirisha. Alisimama mbele yake kwa muda, akahisi kwamba anatazamwa, akaondoka haraka haraka bila kugeuka.

*

Siku ya tatu alipiga moyo konde akaenda kituoni kusema yote. Inspekta alimpokea mlangoni, na kwa mara ya kwanza meno yake yalionekana.

"Umechelewa, mama. Jirani yako amekuja mwenyewe."

Benchini, pale pale alipokalishwa yeye siku ya kwanza, alikuwa ameketi mzee mwembamba mwenye koti la kahawia, mkono wa kushoto ameuweka kiunoni, kama wenye maumivu ya mgongo wanavyofanya. Nguo zake zilikuwa safi. Alipomkaribia, mwandishi aligundua kwamba hakuwa na harufu yoyote, si ya jasho, si ya sabuni.

"Shikamoo, mzee," ikamtoka kwa mazoea.

"Marahaba, Mwandishi. Naona umenisahau."

Inspekta alieleza kwa furaha kwamba mzee ameandikisha maelezo kamili: anaishi mkabala na marehemu, alimsikia, alimwona mgeni akifunguliwa, na mgeni alikuwa mrefu. Fundi, kama kila mtu ajuavyo, ni mfupi na mnene kama mtungi. Basi. Inspekta akaingia ndani kutoa amri, na wale wawili wakabaki peke yao.

"Uliandika vizuri," mzee akasema, akitazama mbele. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilikuwa baya kuliko yote. "Ila uliacha moja. Aliposikia anaitwa, mwalimu alisema: ngoja nizime jiko."

Mwandishi alifumbua kinywa. Wakati huo huo mlango wa ndani ukafunguliwa na Fundi akatoka, suruali ameishika kwa mkono maana mkanda walikuwa wamemnyang'anya, ndevu zimemwota, macho mekundu, akitabasamu kama mtu ambaye hajui tabasamu lake linafika wapi. Akamwita mkewe. Yule mama akafumba kinywa na kumkimbilia. Anayetaka kumlaumu na amlaumu, lakini kwanza awe na mume mahabusu.

*

Nyumbani Mama mkwe alilia, akacheka, akampikia mwanawe, akampapasa mabega kuona kama yamepungua. Alikuwa mwanamke mkavu, asiyejua kusifu, lakini siku hiyo alimshika mkono mke wa mwanawe na kusema kwamba kalamu yake imeiokoa nyumba hii. Kisha akasema ni aibu kwamba mzee mwema kama yule shahidi hajaalikwa. Aambiwe mlango huu ni wake, saa yoyote.

Mwandishi alisema hajui anakoishi. Mama mkwe akamjibu kwamba mtu aliyezungumza naye mpaka akamwandika gazetini hawezi kushindwa kumwonyesha njia. Jambo likaishia hapo, au lilionekana kuishia. Fundi alirudi kibandani. Wale wale wasiomsalimu walipanga foleni kutaka makomeo, kwa kuwa kila nyumba sasa ilitaka komeo la ndani, na yeye, ambaye hana moyo wa kinyongo, akawawekea.

Jumapili alasiri mwandishi alitoka kazini, akasikia kicheko cha Mama mkwe tangu barazani. Alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu baba mkwe afariki. Akaingia. Yule mzee alikuwa ameketi sebuleni, kiti chake amekisogeza mbele ya kiti cha Mama mkwe hadi magoti yao karibu yagusane. Chai aliyopewa ilikuwa haijaguswa na imefanya utando juu.

"Kumbe amefahamiana na baba yenu," Mama mkwe akasema huku akifuta macho. "Wamefanya kazi pamoja. Anakumbuka hata alivyokuwa akikohoa. Hebu mwonyeshe, mzee wangu."

Mzee akakohoa. Kikohozi kilianza kifuani, kikakwama katikati, kikamalizika kwa mluzi mdogo puani, na mwandishi akanyanyua macho kutazama mlango wa chumba alichofia baba mkwe, akidhani utafunguka. Baba mkwe alikuwa mpiga lipu. Hakuwahi kufanya kazi reli hata siku moja, na Mama mkwe alilijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini alikuwa akitabasamu kwa macho yaliyojaa machozi na hakutaka kukumbushwa.

Mwandishi alimsindikiza mgeni hadi nje kwa sababu aliogopa kumwacha ndani. Barazani mzee akasimama, mkono kiunoni.

"Mshona nguo wa nyumba ya kona naye alijibu," akasema. "Alisema, ngoja nitoe pini mdomoni. Hiyo usiiache."

"Lini? Alisema lini?"

"Wewe andika tu."

Akaenda zake. Mwandishi alivaa kandambili, akatembea mbio mbio hadi nyumba ya kona. Kupitia dirishani alimwona mshona nguo yuko mzima, miguu kwenye pedali ya cherehani, redio inaimba, kitambaa cha shule kimemwagika mapajani. Pini zilikuwa katikati ya midomo yake, nne au tano. Mwandishi akashusha pumzi. Alitaka kugonga. Angesema nini? Kwamba mtu asiyekuwepo amemwambia? Mshona nguo alimpungia mkono bila kufungua mdomo, naye akampungia, akarudi nyumbani.

Jumatatu saa saba mchana mshona nguo alikutwa kitini. Kiti cha pili kilikuwa mbele yake. Pini nne zilikuwa zimepangwa mstari mmoja pembeni mwa cherehani.

*

Alimwambia mumewe jioni ile, jikoni, amesimama na mgongo kwenye kabati. Alimwambia kuhusu daftari tupu, mzee wa reli, karatasi aliyoitumbukiza chooni, nyumba isiyo na paa, na mwishowe pini. Hapo kwenye pini akalia kwa uchungu, maana alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwa yule mwanamke akiwa hai na akampungia mkono tu.

Fundi hakukasirika haraka. Alikuwa mtu wa kufungua kitu kwanza na kukitazama ndani.

"Kwa hiyo hapakuwa na mtu," akasema.

"Hapakuwa."

"Halafu akaja."

"Ndiyo."

Fundi aliokota skrubu iliyokuwa mezani, akaigeuza geuza. Halafu akasema kwamba mtu akimletea kitasa kibovu, hawezi kukipaka rangi na kumrudishia mwenyewe akaenda nacho kulala. Maelezo ya yule mzee ndiyo yaliyomtoa yeye mahabusu, na yakiwa ya uongo, basi polisi wanamtafuta mtu mrefu asiyekuwepo huku watu wanakufa. Kesho wataenda wote wawili kusema.

"Watakufungia tena," mkewe akasema.

"Watanifungia."

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Hawakujua amesimama hapo tangu lini. Hakupaza sauti.

"Waliokufa wamekufa," akasema. "Mwanangu yuko hai, na huyo mzee ndiye aliyenirudishia. Sijali ametoka wapi. Ametoka kaburini, sawa. Ametoka kwenye kalamu yako, sawa." Akamgeukia mke wa mwanawe. "Uliona haya kupeleka daftari tupu kwa bosi wako. Huoni haya kumrudisha mumeo kwenye mbu?"

Fundi alipotaka kumjibia mkewe, mama yake alimwinulia kiganja. Usiku huo hakuna aliyekula. Asubuhi Fundi alifungasha mwenyewe: sweta, ndala, kipande cha sabuni. Wakaenda kumuaga Mama mkwe chumbani, wakamkuta amelala ubavu, uso ameuelekeza ukutani. Mwandishi alimsihi, karibu kwa magoti, kwamba yule mzee akija asimfungulie, na mtu mwingine yeyote akija asimfungulie, hata akimjua.

"Mlango huu nilisema ni wake," Mama mkwe akauambia ukuta. "Nyinyi ndio mnaotoka."

Wakatoka.

*

Inspekta aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama wanaelewa wanachokifanya. Alirudia swali hilo mara tatu, na kila mara alikuwa mkali zaidi, kwa kuwa jalada lilikuwa limeshapendeza na wakubwa zake walishasifu. Alituma askari kwa pikipiki kwenye ile nyumba ya mkabala. Askari alirudi na majani kwenye suruali. Akasema hapo haishi hata paka.

"Kwa hiyo umenidanganya," Inspekta akamwambia mwandishi.

"Nilidanganya gazetini, afande. Hapa nilinyamaza."

"Kunyamaza kwako kumemtoa mahabusu mtuhumiwa wa mauaji, na siku chache baadaye mtu mwingine amekufa. Unajua watu watasemaje?"

Alijua. Watasema Fundi alitolewa kwa uongo wa mkewe, akatoka akaua wa nne. Alikuwa amelifikiria hilo tangu jana na hakuna alikojificha asilione. Inspekta akamsogezea karatasi na kumwamuru aandike yote kuanzia mwanzo: nani alimwambia nini. Akaandika kwamba hakuna aliyemwambia kitu, aliandika mwenyewe. Kurasa tatu. Chini akaweka jina lake kamili, la kwake, la baba yake na la babu yake, kwa herufi kubwa ambazo mtoto angeweza kuzisoma.

Fundi alikuwa amevua mkanda na kuuweka kaunta kabla hajaambiwa. Wakampitisha kwenye mlango wa chuma, wakaufunga, na mkewe akasubiri mpaka aliposikia kufuli limebana. Mumewe aligeuka mara moja nyuma ya nondo. Hakutabasamu safari hii. Alimwambia arudi nyumbani upesi, mama yuko peke yake. Inspekta akamwambia kesho saa mbili aripoti, na yeye ana mashtaka yake. Kwenye simu palikuwa na ujumbe wa Mhariri wenye maneno manne, na la mwisho lilikuwa kwaheri.

Ilikuwa saa saba kasoro alipoingia mtaani. Jua lilikuwa la utosini, na barabara tupu, kila mlango umefungwa kwa komeo lililowekwa na mumewe. Hapakuwa na redio wala mtoto nje. Akaanza kutembea haraka, halafu akaona aibu imeshamwishia, akakimbia.

Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena, akaita, akaenda dirishani akakuta pazia limevutwa na kubanwa kwa vibanio vya nguo. Akarudi mlangoni na kuweka sikio. Upande wa pili, karibu kabisa, mtu alikuwa akipumua.

"Mama. Ni mimi."

"Kila anayekuja anasema ni yeye," ikasema sauti ya Mama mkwe, ndogo, ya mtu aliyeketi sakafuni.

"Nani amekuja?"

"Mwanangu. Amekuja hapa sasa hivi. Amesema wamemwachia, amechoka, ana kiu, nimfungulie. Ni sauti yake, binti. Mimi ndiye niliyemzaa. Hata ile namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya kusema mama." Kisha maneno yakaanza kumtoka kwa kasi. "Nimeshika komeo. Nimelishika hivi, sikulivuta. Nikawaza kwamba umetoka na mumeo ukampeleke mwenyewe gerezani, na mtu hafanyi hivyo kwa mchezo. Basi sikulivuta. Ameniita mpaka amekuwa kama anayelia. Amegonga kule chini ya mlango, kama alivyokuwa akigonga akiwa mdogo. Halafu amenyamaza. Mwangalie hapo nje. Kama ameanguka, niambie. Nimemwacha mwanangu juani. Niambie tu nimemfanya nini mwanangu."

Mwandishi akatazama baraza. Ilikuwa tupu na safi, imefagiliwa asubuhi, na kwenye vumbi la chini ya ngazi palikuwa na alama za kandambili zake mwenyewe tu.

"Hakuna mtu, Mama. Hakuwa yeye."

"Unajuaje?"

"Nimetoka kwake. Nimemwona kwa macho yangu wakimwingiza, nikasikia kufuli. Yuko ndani, mlango wa chuma, na askari wamekaa mbele yake."

"Hawajamwachia?"

"Hawajamwachia."

"Yuko mahabusu kweli? Usinifurahishe."

"Yuko mahabusu, Mama. Naapa."

"Ahsante Mungu," Mama mkwe akasema nyuma ya mlango, na kisha akaanza kulia kwa sauti, "ahsante Mungu, mwanangu yuko ndani, mwanangu wamemfunga," huku mikono yake ikilipapasa lile komeo na kushindwa kulivuta.